Chakula Alichokikubali Xaveria

Otilia aliolewa akijua kupika vitu vinne: ugali, makande, maharage na majani ya maboga. Katika miaka miwili ya ndoa hakuna aliyelalamika. Mume wake, Kasimiri, alikuwa fundi wa barabara, mtu wa kula chochote kilichowekwa mbele yake na kushukuru. Walipanga vyumba viwili Bagara, mjini Babati, na Otilia alijiona mpishi kamili kabisa.

Kisha ukaja mwaka wa themanini na nne. Mahindi yalikuwa yamekauka shambani yakiwa bado mafupi, na duka la ushirika likaanza kugawa unga wa njano kutoka ng'ambo. Watu walisema mengi juu ya unga ule. Kwamba huko ulikotoka ni chakula cha ng'ombe, kwamba unalegeza magoti, kwamba mwanamume akiula mwaka mzima asitegemee watoto. Waliyasema hayo kwenye foleni, mifuko mkononi, halafu wakaubeba nyumbani na kuusonga kama kawaida.

Aliyeukataa kwa vitendo alikuwa mmoja tu, naye ni Xaveria, binti yake Otilia, mwenye umri wa mwaka mmoja na nusu.

Xaveria aliachishwa ziwa mwezi Januari, mama yake alipojua ana mimba nyingine. Kwao Mbulu hakuna mwanamke aliyenyonyesha akiwa na mimba. Maziwa ya ng'ombe pale mjini yalipatikana kwa kujuana, na Otilia hakujuana na mtu. Basi mtoto akabaki na uji wa njano asubuhi na ugali wa njano mchana, na vyote viwili alivijibu kwa namna moja: alikaza yale meno machache aliyokuwa nayo, akageuza uso ukutani.

Mwanzoni mwa Machi, kliniki, Nesi Rosalia alimtundika kwenye mzani, miguu ikining'inia, akatia nukta kwenye kadi. Nukta ilikuwa imetoka kwenye kijani, imeingia kwenye kijivu. Nesi Rosalia hakuwa mtu wa kupamba maneno.

"Mama Xaveria, huyu mtoto hali."

"Anakataa, nesi."

"Anakataa nini?"

"Kila kitu."

"Unampikia nini?"

"Uji. Na ugali."

Nesi akamtazama juu ya miwani. "Hicho siyo kila kitu, mama. Ni vitu viwili, tena vya unga uleule. Kajaribu kingine."

Kingine kipi, hakusema. Foleni nyuma ilikuwa ndefu.

Otilia akafanya kosa alilolijutia kabla gari halijaondoka. Alimtumia mama yake salamu kwa dereva wa lori la Mbulu, na ndani ya salamu akataja ile rangi ya kijivu. Jibu lilirudi baada ya siku nne. Mama yake, Mektilda, angeshuka wiki ya pili baada ya Pasaka kuja kumchukua mtoto. Huko juu bado walikuwa na ng'ombe wawili wa kukamua.

Mwingine angeshukuru Mungu kwa jibu kama hilo. Otilia alilipokea kama hukumu. Yeye mwenyewe alipelekwa kwa bibi yake akiwa na umri huohuo, mdogo wake akiwa tumboni, akarudi ana miaka saba. Siku aliyorudi alimwamkia mama yake kama anavyoamkiwa mgeni, akakaa karibu na mlango akingoja kurudishwa. Hakupigwa, hakunyimwa kitu. Lakini mdogo wake alijua mama anapenda kukunwa mgongo sehemu gani, na yeye hakujua, wala hajajua mpaka leo. Akilini mwake alishaamua zamani kwamba mtoto mmoja alipendwa na mwingine akapelekwa. Aliogopa kuliko kadi yoyote ile kwamba Xaveria naye angerudi mnene, mwenye afya, na kumwambia shikamoo kama anavyomwambia mwalimu.

Kwa hiyo akaanza kupika.

Wiki ya kwanza alichanganya unga wa njano na wa mtama. Ukatoka ugali wa rangi ya matofali, na Kasimiri, aliyekuja Jumamosi kutoka kambi yao ya barabara, akauliza kwa heshima zote kama kuna msiba. Akajaribu ngano. Aliitwanga, akaipepeta, akaipika kama wali, ikawa nzuri sana kwa mtu mwenye magego. Akachemsha mbaazi, akazimenya ganda mojamoja, akaziponda na boga. Mafuta ya kupikia hayakuwepo, basi akakaanga alizeti, akaitwanga, akaikamua kwa maji ya moto na kuchuja tui lake kwenye kitambaa. Tui hilo lilikuwa tamu kweli, na mwenyewe alilinywa nusu akisimama. Akapika papai bichi. Hilo la papai hatulizungumzi.

Kila kitu Xaveria alikionja kwa ncha ya ulimi, kama mkaguzi, kisha meno yakakazwa. Boga na mbaazi vilipata bahati kidogo: vijiko vitatu, siku nyingine vinne.

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa Mama Severine, mzaliwa wa Ukerewe, ambaye mume wake alihamishiwa Babati kwa kazi ya ukarani. Alikuwa mwanamke wa sauti kubwa na moyo mkubwa, na ndiye aliyebaki na Xaveria asubuhi Otilia alipokwenda kulima kipande chao cha Nangara. Walipatana katika mambo yote isipokuwa moja. Mama Severine alipika samaki wa ziwani karibu kila siku, na harufu ikipita dirishani Otilia alifunga dirisha.

"Kwaresima yote hii mnakula maharage," Mama Severine alimtania, "na ziwa liko hapo mlangoni! Padri mwenyewe anakula perege Ijumaa."

"Padri hakuzaliwa Mbulu," Otilia alijibu.

Haikuwa dini wala sheria. Kwao samaki hakuwa chakula, basi. Wazee walimweka fungu moja na nyoka, na Otilia hakuwahi kuona sababu ya kuwauliza zaidi.

Kliniki ya Aprili nukta ilipanda. Siyo kidogo, ilipanda mpaka Nesi Rosalia akaupiga mzani kwa kidole kuhakikisha haujakwama. "Umempikia nini?" akauliza, na Otilia akamweleza boga, mbaazi, tui la alizeti, akieleza kwa sauti ili na wenzake kwenye benchi wasikie. Wanawake wawili wakamwomba arudie. Alirudi nyumbani akitembea katikati ya barabara.

Furaha hiyo ilidumu siku tano. Siku ya tano mvua ilimkuta Nangara, akaliacha jembe akarudi mapema. Mlango wa Mama Severine ulikuwa wazi. Xaveria alikuwa mapajani mwake, mashavu yameng'aa kwa mchuzi, na mbele yao kulikuwa na sahani ya ugali wa njano na perege mzima, jicho lake likimtazama Otilia. Mama Severine alichambua mnofu, akaupapasa kwa vidole kutafuta miiba, akautia kwenye tonge la ugali. Mtoto alifungua mdomo kabla tonge halijafika.

Otilia alisimama pale maji yakimchuruzika. Alisikia hasira, na chini ya hasira aibu, maana alikumbuka lile benchi la kliniki.

"Umemlisha mwanangu samaki."

Mama Severine hakuruka wala kuficha sahani. "Alikuja mwenyewe, Mama Xaveria. Mimi nilikuwa nakula. Akakaa, akafungua mdomo. Ningefanya nini, nimfunge?"

"Ungeniambia!"

"Ungekataa."

Hilo lilikuwa kweli kabisa, na kwa sababu ni kweli lilimuudhi Otilia zaidi. Akamchukua mtoto, akaenda kwake, akafunga mlango na dirisha. Siku tatu hakwenda shamba. Siku tatu alipika boga, mbaazi, tui, akaimba, akabembeleza, akalia kidogo. Xaveria alikaza meno na kuunyooshea ukuta wa jirani kidole.

Jumamosi alimshtakia mume wake. Kasimiri alisikiliza mpaka mwisho, akakohoa, akaangalia viatu vyake.

"Mama Xaveria, sisi kambini tunakula samaki."

"Nani, ninyi?"

"Mwaka wa tatu sasa. Sikutaka kukuudhi."

Otilia alimwangalia mume wake kama mtu aliyekuta mlango ndani ya nyumba yake ambao hakuwahi kuuona. Halafu akacheka, hakutaka ila alicheka, na kicheko kilipokwisha akavaa kanga ya pili akaenda kubisha hodi ukuta wa pili.

"Nifundishe," alisema.

Mama Severine hakumdai radhi. Alimpa kisu. Alimfundisha kumparua magamba kutoka mkiani kwenda kichwani, kumtoa matumbo bila kupasua nyongo, kumpaka ndimu na chumvi, kumlaza juu ya nyanya na kitunguu, maji kidogo, moto mdogo, bila tone la mafuta. Otilia alifanya yote hayo amegeuza uso, akipumua kwa mdomo. Alinunua sufuria ndogo kuukuu iwe ya samaki tu, akaiweka nje chini ya upenu wa bafu. Chumvi alikadiria kwa macho, hakuonja. Juma zima Xaveria alikula samaki wa kutiwa chumvi kwa kubahatisha, siku nyingine kali, siku nyingine haipo kabisa, na akamaliza kila siku.

Siku ya nane Otilia alilamba kidole. Akakaa akingoja atapike. Hakutapika. Akaongeza chumvi.

Mektilda alifika Jumanne, tope mpaka magotini, kwa kuwa basi lilikwama mara mbili njiani. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyepoteza neno.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtoto yuko wapi?"

Walizungumza Kimbulu, kama siku zote wakiwa wenyewe. Otilia akamletea mtoto na kadi, akamwonyesha nukta ilivyopanda. Mektilda aliirudisha kadi bila kuitazama. "Mimi hizo sijui kusoma. Mlishe nimwone."

Otilia alikuwa amejiandaa kwa hilo; yaani, amejiandaa kudanganya. Jikoni kulikuwa na boga na mbaazi za tui la alizeti, zimepondwa vizuri, za kumwonyesha mtu yeyote kutoka Mbulu. Sufuria nyingine ilikuwa nje, imefunikwa. Akapakua boga, akapeleka kijiko mdomoni.

Meno yakakazwa.

"Xaveria," alisema taratibu. "Mama, kula."

Uso ukageuzwa ukutani. Kijiko cha pili kikaanguka kifuani. Mektilda alitazama mpaka cha tatu, kisha akasimama, akazianua nguo za mtoto kwenye kamba na kuanza kuzikunja. Hakuwa na hasira. Alizikunja vizuri, moja juu ya nyingine.

Otilia aliona mikono ile ikikunja gauni dogo, akajua kwamba ndivyo gauni lake mwenyewe lilivyokunjwa. Akisema juu ya samaki, mama yake angeweza kumchukua mtoto saa hiyohiyo na kusimulia ukoo mzima. Akinyamaza, angemchukua hata hivyo. Akatoka nje, akaileta ile sufuria, akaifunua katikati ya chumba.

Mektilda alivuta kanga puani. "Hicho ni nini?"

"Samaki, mama. Ndicho anachokula. Mimi ndiye niliyepika."

Akaketi, akachambua mnofu, akaupapasa kwa vidole, akautia kwenye tonge. Xaveria alimpanda mapajani kwa magoti, akafungua mdomo. Alikula kwa kelele. Alikula mpaka akashika sahani mwenyewe, akakohoa, akala tena, na mchuzi ukamshuka kidevuni mpaka tumboni.

Mektilda alikuwa ameacha kukunja. Kanga ilibaki puani muda mrefu, kisha mkono ukashuka.

"Wewe ulikaza meno hivyohivyo," alisema.

Otilia alisimamisha tonge. "Mimi?"

"Nilikupikia ugali, ukakataa. Nikapika tena ugali. Nikapika mwezi mzima, Otilia. Mbavu zako nilikuwa nazihesabu nikikuogesha. Bibi yako alikuwa na ng'ombe, mimi sikuwa naye." Akatazama sahani. "Sikukupeleka kwa sababu nilikuwa sikutaki. Sikujua kama kuna kupika kingine. Hakuna mtu aliyeniambia."

Miaka yote ile Otilia alikuwa ameibeba hesabu ya mtoto aliyependwa na mtoto aliyepelekwa, na sasa haikujumlishika tena. Machozi yalimtoka mbele ya mama yake kwa mara ya kwanza tangu utotoni. Xaveria alimvuta mkono uliokuwa na tonge, kwani yeye alikuwa bado na njaa.

Mektilda alirudisha nguo kwenye kamba, moja moja. Akanawa mikono kwenye beseni, akakivuta kigoda mpaka goti lake likagusana na la binti yake. Harufu bado ilimkunja uso.

"Nionyeshe," alisema, "hiyo miiba inakaa wapi."

Otilia akaushika mkono wa mama yake, akauongoza mpaka mgongoni mwa samaki.