Niitie Aliyemaliza

Ramadhani hii shangazi yangu wa Kigombe alilazwa hospitali mjini Tanga. Alikuwa amezimia mara mbili baada ya kufuturu, na mwenyewe alizilaumu tambi za jirani. Nilikuwa kando ya kitanda alipokuja binti mwenye koti jeupe, akavuta stuli, akaketi.

"Shikamoo, mama. Mimi ni mfamasia, niko hapa nasomea ubobezi."

"Marahaba. Kumbe bado unasoma?" Shangazi akanigeukia. "Niitie aliyemaliza."

Binti akacheka, wala hakuinuka. Akachukua pakiti ya vidonge vya sukari. "Hivi unavimeza vipi?"

"Kutwa mara tatu, kama mlivyoniandikia."

Daktari na nesi walishapata jibu hilo hilo, wakaliandika, wakaenda zao. Huyu akabaki. "Na mchana si unakuwa umefunga?"

"Nafunga, ndiyo! Kwa hiyo nikifungua navimeza vyote vitatu kwa pamoja, nisiruke hata kimoja."

Binti akaweka kalamu chini taratibu, akaenda kumwita daktari. Dozi ikapangwa upya siku hiyo hiyo, na tambi za jirani zikaachiwa huru.

Mimi ni mwandishi, kazi yangu ni kuuliza. Wiki nzima kabla hajalazwa nilifuturu na shangazi, nikamwona akimeza vile vitatu, na maji nilimpa mimi.

Siku ya kuruhusiwa, Shangazi alimshika binti mkono. "Umebakiza muda gani kumaliza?"

"Mwaka na nusu, mama."

"Usiharakishe, mwanangu."