Namelok Apanda Punda

Namelok alikuwa mjane wa Kimaasai wa tambarare za Same, mwenye punda wake mwenyewe. Kwao punda ni wa wanawake: hubeba maji, hubeba mahindi, na siku ya kuhama hubeba nyumba nzima. Mtu mzima mwenye akili zake hampandi. Ndiyo maana Anderson, mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika kituo cha watoto wenye ulemavu, alipomwomba punda mpole wa kupandisha watoto, Namelok alidhani anataniwa.

"Mwendo wa mnyama unalegeza misuli, yeyo," Anderson alimweleza, akimwita mama kwa Kimaasai. "Wenye uwezo hutumia farasi. Huku farasi tutampata wapi?"

Namelok akakubali, maana kituo kilikuwa njiani aendako kuchota maji.

Wa kwanza kuletwa alikuwa Agape, mtoto wa kike mwenye mtindio wa ubongo, miguu imekakamaa na kupishana kama mkasi. Mama yake, Dorkas, mkulima wa tangawizi, alikuwa ameteremka naye kutoka kijiji cha Mamba, mlimani, kwa bodaboda. Alipomwona punda ametandikwa blanketi, akamkumbatia mwanawe.

"Mwanangu si gunia," alisema. "Kijijini wameshamsema vya kutosha. Leo nimpandishe punda?"

Anderson akaanza kueleza. Namelok hakuwa na subira ya maelezo. Akamtupia kamba ya punda, akakusanya shuka lake, akakanyaga tofali na kuketi mgongoni mwa punda.

"Twende," akaamuru.

Morani waliokuwa wakipita barabarani walisimama, wakacheka hadi wakaegemea fimbo zao. Namelok alishikwa na aibu, lakini hakushuka mpaka uwanja wa kituo ukazungukwa wote.

"Sasa wananicheka mimi," alimwambia Dorkas. "Lete mtoto."

Dorkas akacheka bila kupenda. Akamkabidhi mtoto.

Mzunguko wa kwanza Agape alilia. Wa pili akanyamaza, vidole vimezama kwenye manyoya ya shingo ya punda. Aliposhushwa, mama yake aliishika miguu, akaitenganisha bila kutumia nguvu. Akaishika tena, kama asiyeamini.

Waliendelea kuja kila wiki, isipokuwa masika yalipoharibu barabara ya mlimani. Agape hajatembea. Ila siku hizi anaketi mwenyewe, na Dorkas humvalisha nguo bila mtoto kulia. Namelok ameongeza punda wa pili, kwa kuwa watoto wamekuwa wengi. Wale morani walimbandika jina la utani, wakamwita hivyo kwa muda, kisha wakachoka.