Ulezi Nilioung'oa

Niliolewa Kansay nikijua kahawa tu. Nimekulia Oldeani, baba na mama wakiwa vibarua kwenye mashamba, na kwa kiburi changu niliona kwamba aliyekulia kwenye mibuni hawezi kushindwa na vijani vya nchi kame. Mama mkwe alikuwa amepanda ulezi kwenye kipande kidogo nyuma ya nyumba. Aliupanda kwa ajili yangu. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano, na kwake yeye mzazi hapati nguvu wala maziwa bila uji wa ulezi. Ule wa kununua sokoni Karatu alisema ni mchanga uliotiwa rangi.

Asubuhi moja alikwenda kliniki kupima presha. Nikasema nimfurahishe, nimpalilie. Wanasema kuuliza si ujinga, lakini mimi niliona haya kuuliza. Shambani kulikuwa na majani ya aina mbili, yamefanana kama ndugu. Moja liling'oka kirahisi, jingine liling'ang'ania ardhi. Nikawaza kwamba lenye nguvu ndilo zao, nikang'oa yale dhaifu mstari kwa mstari mpaka kiuno kikagoma. Kisha nikapiga picha, nikamtumia mume wangu, dereva wa watalii, aliyekuwa Ngorongoro na wageni wake. Akanijibu kwa dole gumba. Mzaliwa wa Kansay huyo, na mpaka leo namsuta.

Mama mkwe aliporudi alisimama pembeni mwa shamba, kitenge bado begani. Aliinama, akavuta jani moja nililoliacha. Likagoma kutoka.

"Mwanangu," alisema, "hili ni gugu. Ulezi ni huo uliourundika pale."

Zaidi ya nusu ya shamba ilikuwa kwenye lundo, inanyauka. Nililia kwa sauti, bila aibu. Nilitamani anigombeze, maana ningejua pa kuanzia kuomba msamaha. Badala yake alivua viatu, akaketi karibu na lundo, akaanza kuchambua miche ambayo mizizi yake bado ilikuwa na unyevu. Aliipunguza majani, akaichovya kwenye tope la udongo. Mimi nilichimba vishimo kwa kijiti na kumwagia maji tuliyooshea vyombo. Kila mche tuliupanda na kuufunika kwa tawi, jua lisiumalize.

"Itashika, Mama?" niliuliza.

"Sijui. Tupande tu."

Ilishika michache. Mavuno hayakujaa nusu debe, na siku niliyojifungua binti yetu nilijua kabisa kwamba uji hautafika mbali. Lakini kila asubuhi kikombe kilikuja, kizito, kina maziwa ndani. Wiki ya kwanza kilikuja, ya tano kikaja, na ya kumi pia. Nilishangaa kidogo, kisha nikaacha kushangaa. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na furaha.

Mvua za msimu uliofuata zilipokaribia, nikamwambia mama mkwe kwamba safari hii anifundishe tangu kupanda. Nikamwomba mbegu.

"Uliinywa," alisema, huku akimpakata mjukuu wake.

Nikadhani ananitania. Hakuwa akitania. Masuke bora aliyoyatenga, mbegu aliyokuwa akiitunza mwaka hadi mwaka tangu alipoolewa, aliyasaga yote ili kikombe changu kisikose. Nilikaa chini. Sikuwahi kupendwa hivyo na mtu ambaye hakunizaa.

"Mbegu nitaomba kwa majirani," alisema. "Maziwa ya huyu ningeyaomba kwa nani?"

Sikumwacha aende. Nilichukua bakuli, nikambeba mtoto mgongoni, nikaenda kuomba mimi.