Shafti ya Boti ya Chula

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana ya bandari ya Kismayo, Fundi Mkuu aliniambia nipitishe ukucha juu ya shafti, fimbo ya chuma inayozungusha pangaboi la boti, iliyotoka kukerezwa. Ulikwaruza.

“Mistari hiyo huioni,” akasema, “lakini itakula mpira unaozuia maji, na boti itajaa.”

Kazi yangu ikawa kuilaza. Hatukutumia msasa. Tulibana rola ya chuma kigumu juu ya shafti inayozunguka, mafuta yakitiririka, mpaka uso ukawa kama kioo. Chuma hakikatwi hapo, kinashindiliwa. Ukibana kidogo, mistari hubaki. Ukizidisha, uso huchoka, ukaja kubambuka baadaye watu wakiwa baharini. Hilo la pili halionekani karakanani, nalo liliniondolea raha tangu ujana.

Vita vilinipeleka Mombasa, nikakereza huko miaka mingi. Niliporudi Kismayo niliajiriwa na Meneja wa karakana ndogo. Asubuhi moja ikaletwa shafti mpya ya boti ya kisiwa cha Chula, ile inayobeba wagonjwa. Umeme wa jenereta ulikuwa ukipanda na kushuka, na mwendo wa mashine nao.

“Tungoje umeme utulie,” nikamwambia Meneja.

“Mchu mwenye uchungu hangoji umeme, fundi,” akajibu kwa lahaja ya visiwani.

Nilijua. Mwenye uchungu alikuwa binti yangu, Mwanaisha, aliyeolewa kisiwani Chula, akingoja boti hiyo imlete hospitalini.

Nikazima jenereta. Nikawaita wapagazi wawili, wakavuta mkanda wa mashine kwa mikono, polepole, mwendo mmoja. Nikabana rola huku jasho likiniingia machoni. Uso ulitoka laini. Ndani yake sikuweza kuona.

Shafti ilipofungwa, nikapanda boti.

“Kaa mbele, fundi, upate hewa,” nahodha akaniambia.

“Hapa panatosha.”

Nilikaa nyuma, juu ya shafti, kwenda na kurudi. Tulipomchukua, Mwanaisha alilia njia nzima akiwa amemshika mkono mamake, aliyekuwa naye huko, nami macho yangu yalikuwa kwenye mpira ule wa kuzuia maji. Haukupitisha hata tone. Alijifungua salama hospitalini, mtoto wa kike. Baadaye alinilaumu kwamba nilimpa mgongo.

Sasa nimestaafu. Vijana wana vipimo vya kusoma ulaini wa chuma, na wanapima vizuri. Lakini wajukuu wangu wakiaga kwenda visiwani, siwaulizi bahari ikoje. Nauliza shafti ilibanwa na nani, kisha nakaa na simu mkononi mpaka wafike.