Betri ya Kifuani mwa Fundi Chaji

Fundi Chaji ameumaliza ujana wake katika kibanda cha betri za magari, na hakuna kitu anachokiheshimu duniani kama chaji. Kwa hiyo madaktari walipompachika kifuani kile kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, wakamwambia kina betri ndani, hakuuliza swali hata moja. Alitikisa kichwa kama mtaalamu mwenzao. Hapo ndipo alipojikwaa, maana mjuzi wa betri za malori alijiona anazijua betri zote.

Akaanza kubana matumizi. Ngazi alipanda kwa vituo, ubishi wa mpira akauacha, hata kucheka alicheka nusu. Na mkewe je? Huko alizima swichi kabisa. Kidonda kilishapona zamani, lakini mama watoto akimsogelea, mzee anapiga miayo na kugeukia ukutani. Jambo lenyewe alilitamani, tena sana, ila hesabu zake zilimwambia raha moja itakula chaji ya mwaka mzima. Mkewe naye akawa anamwekea chai mezani na kwenda zake. Nyumba ilipoa, fundi akaiona inavyopoa, na ikamuuma.

Siku ya kupimwa kliniki walikwenda wote wawili. Muuguzi alipokuwa anamwekea kifuani chombo cha kusomea ile betri, fundi akaona nafasi ndiyo hii.

"Mama watoto, hebu kaninunulie maji."

"Maji ninayo," mkewe akajibu, akainua chupa.

Fundi akamgeukia muuguzi. "Sista, nina jamaa yangu kawekewa kitu kama hiki. Anauliza, eti mambo ya chumbani hayamalizi betri?"

"Huyo jamaa yako akipanda ngazi anaumwa kifua? Anaishiwa pumzi?"

"Aa, wapi! Anapanda polepole tu, kwa kubana chaji."

Muuguzi akaangua kicheko. "Mwambie mficha uchi hazai! Betri hii ni ya miaka, na mapenzi hayaimalizi. Ikikaribia kuisha tutaona hapa hapa, tutambadilishia. Hatukumwekea aitunze, tumemwekea imtunze yeye. Na nguvu zikipungua, asiache dawa kimyakimya, aje aseme. Dawa nyingine hupunguza nguvu, na woga nao hupunguza."

Fundi akajisikia mwepesi, kisha akajisikia mjinga. Alitaka kucheka, kicheko kizima safari hii, lakini alipogeuka akamkuta mkewe machozi yanamlengalenga.

"Nilidhani umenichoka," mkewe akasema.

Mkewe akainuka, akaanza kumfunga vifungo vya shati. Alipofika kwenye ule uvimbe mdogo chini ya ngozi, vidole vikatulia juu yake. Hakuwahi kuugusa.

"Panauma?"

"Hapaumi."

"Basi betri uliionea huruma," akasema. "Na mimi je?"