Siku Mama Alipowatembelea Samaki

Mama yangu ameuza samaki wakavu wa Pweto, kule ziwani, tangu sijazaliwa, lakini hakuwahi kumwona samaki akiogelea. Alipopata habari kwamba nje ya Lubumbashi, kwenye shimo la zamani la mawe lililojaa maji, hata wasiojua kuogelea wanavalishwa lineti, miwani ya majini, na kuangalia samaki, alilitangazia soko zima: "Siku ya Mungu naenda kwabo!" Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Walijua anavyomwogopa mamba-muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki anayevuta watu chini. Sasa, arudi bila kuona kitu? Wangemmaliza kwa utani.

Siku ikafika, nikamsindikiza. Maji yenyewe, jamani, yalimfika kiunoni! Safi, hata kucha za miguu unaziona. Mwenye kufundisha alimpa lineti na tiyo, mrija wa kupumulia. Mama akapiga magoti ukingoni, akayasalimu maji kwa makofi, kama mtu anayeingia kwa wakwe. Kisha akafungua kitambaa. Bukari! Bonge la ugali, bado la moto.

"Mama, hiyo ni ya nini?"

"Weye! Nilikufundisha kuenda kwa bantu mikono mitupu?"

Akaingia, akarusha matonge, akainama na kutia uso majini. Weee! Samaki wakaja kundi zima, wakamdonoa vidole, magoti, mapaja. Kelele ikatoka kwenye tiyo kama tarumbeta. Mama akachomoka mbio, kitenge kinaburuzika nyuma: "Mamba-muntu! Ananiuma!" Mimi nilicheka hadi nikakaa kwenye matope.

"Mama," mwenye kufundisha akamwambia, naye kajishika tumbo, "ni bukari yako banakula."

Mama akasimama akihema. Najua aliliwaza soko, maana alikunja uso. "Haya, weye mwenye kucheka. Nishike mukono."

Nami nikavaa lineti na tiyo, tukaingia wote wawili, tukainama. Loo! Tilapia wale wanang'aa buluu na wekundu, wanazunguka kiganja chake chenye bukari, wanakula humo humo bila haraka. Raha ilinipanda kichwani, nusura niimeze tiyo.

Mama alikaa uso majini muda mrefu. Alipoinuka alivua lineti, machozi tele, huku anacheka.

"Miye," akasema, "miye mwenye kubauzisha bakavu, balinipokea!"

Akavaa tena lineti, akarudisha uso majini.