Dirisha Lenye Adabu ya Mchana

Kazi yangu ni kubandika stika: za tuktuku, za vioo vya boti, za madirisha ya maduka. Niipendayo zaidi ni ile ya matundu. Ukiitazama kwa karibu ni kama chekeche. Mbele ina picha, nyuma ni nyeusi, na yote imejaa vitundu vidogo. Aliye nje huona picha, aliye ndani huona njia.

Shangazi yangu hupaka maarusi hina katika chumba kinachotazama kichochoro chetu. Alitia dirisha la kioo, kisha akajuta, kwa kuwa wanawake huvua buibui mle ndani. Lakini kulifunga hakutaka; alipenda kujua nani anapita.

"Kumbe ni nikabu," alisema nilipomweleza habari ya stika. "Mimi nakuona, wewe hunioni."

"Ndivyo hasa, shangazi."

Sivyo hasa. Nikabu huvaliwa, haiwashiwi taa kwa ndani.

Asubuhi nilisafisha kioo kwa nje, nikaibandika stika kikavu, maana maji hunasa vitunduni, nikaikandamiza kwa kipande cha plastiki kutoka katikati kwenda pembeni. Ua kubwa la hina likajaa dirisha zima. Shangazi aliketi ndani, akanitajia kila mpita njia na viatu alivyovaa.

Alasiri akaletwa bibi harusi. Kwetu hufichwa mpaka siku ya kutolewa, na mamake alichagua chumba kile kwa sababu ya sitara yake. Sitara hiyo ndiyo iliyompa shangazi yangu jina mjini. Likiharibika, hana kazi.

Magharibi ilipokaribia ulibaki mguu mmoja wa kupaka. Shangazi akawasha taa. Mimi nilikuwa kichochoroni nikilistaajabia ua langu, nalo likafifia mbele yangu. Ndani yake akatokea bibi harusi, kichwa wazi, mikono imejaa hina, mamake akimlisha sambusa.

Wanaume wawili walikuwa wakija, wakielekea msikitini. Nilitanua buibui langu kama tanga, nikaegemea kioo.

"Shangazi, zima taa."

"Nizime na mguu u nusu?"

"Mwaonekana."

Taa ikazimika. Wanaume wakapita, mmoja akasema, "Bi, dirisha laanguka?"

"Stika ndiyo kwanza yashika," nikamjibu bila kugeuka.

Nilipoingia, mama wa bibi harusi aliuliza jambo moja tu: "Nani ameona?"

"Mimi peke yangu. Na sambusa nimeiona."

Bibi harusi ndiye aliyecheka kwanza. Tukafunga leso mbili dirishani, taa ikawashwa, mguu ukamalizwa.

Baadaye nilimweleza shangazi nilichopaswa kumweleza asubuhi: jicho hufuata mwanga. Mchana mwanga uko nje, basi picha ndiyo ionekanayo. Giza likiingia na taa ikiwaka ndani, vitundu vile vile huwaonyesha waliomo.

"Basi umenipa dirisha la mchana, mwanangu," akasema. "Magharibi lavua buibui."

Kesho yake nililishonea pazia zito mwenyewe. Siku hizi kila mteja namwambia kabla sijafungua stika: pazia kwanza, taa baadaye.

Mama yule amemleta binti yake wa pili. Aliingia, akalivuta pazia hadi mwisho, akakagua pembe zote mbili, ndipo akatoa salamu.